Kipazia cha Dashibodi

Jumamosi, 4 Mei

Nimenunua gari. Si jipya la dukani, ila ni jipya kwangu, na hilo ndilo la maana. Jeupe, milango minne. Aliyeniuzia ni mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole. Alisema hajawahi kulikimbiza. Nimemwamini. Mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote atadanganya vipi?

Fundi Friji alinishauri nisilipe mpaka makanika alikague. Huyu ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu. Anatengeneza mafriji na ana pikapu kuukuu ambayo ukweni wanaisifia utadhani imewazaa. Nilikataa ushauri. Makanika angekuwa rafiki yake, na sifa zote zingekuwa zake. Nimelikagua mwenyewe. Nimepiga matairi mateke, nimefungua boneti, nimetazama ndani kwa muda wa kutosha kuheshimika, nimefunga. Kila kitu kilionekana kipo. Kisichokuwepo nisingekijua.

Jioni nikaenda ukweni. Nikatangaza mbele ya wote kwamba Ijumaa nitampeleka mimi Mama Mkwe hospitali kupasuliwa jicho. Fundi Friji ndiye aliyekuwa amepangiwa. Akasema sawa mwanyumba, mpeleke wewe. Sikupenda alivyokubali haraka.

Niandike na hili, maana si mchezo. Mama Mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anayepasua anatoka mbali, anakuja mara chache, na saa moja asubuhi anaita majina. Asiyekuwepo anapisha mwingine. Mama kaisubiri nafasi hii tangu mwaka jana. Binti yetu mdogo kazaliwa, kaota meno, na bibi yake hajaiona sura yake. Anampapasa tu uso.

Jumapili, 5 Mei

Gari linaongea. Ukiliwasha, mwanamke aliyemo ndani ya dashibodi anasema maneno kadhaa kwa lugha ya huko lilikotengenezwa. Ana adabu sana. Mke wangu akauliza anasema nini. Nikamwambia anatukaribisha. Njiani akaongea tena, kila tulipopita kwenye shimo. Mke wangu akasema hajawahi kuona mwenyeji wa kukaribisha watu mashimoni.

Redio nayo ina yake. Iliundwa kwa ajili ya stesheni za wenzetu, hapa inanasa moja tu: matangazo ya vifo, na baada ya hapo mafunzo ya ufugaji wa kuku. Kitufe cha kuzimia nilikibonyeza kikaingia ndani moja kwa moja. Sasa redio inazimika gari likizimwa.

Honi hailii mpaka ukate usukani kushoto. Nilitaka kumpigia jirani ili aone gari. Ikabidi niingie kwenye maua yake. Ameliona.

Jumanne, 7 Mei

Leo nimekwenda na gari kazini. Napima madirisha kwenye duka la mapazia, kisha narudi kuyatundika. Kazi ya heshima, inataka jicho.

Nikiwa naegesha, kioo cha mbele kushoto kikadumbukia ndani ya mlango kama mtu aliyechoka kusimama. Nimekivuta kwa vidole na kukikaza kwa kipande cha reli ya pazia. Kimekaa. Mshonaji wetu alikuwa mlangoni akitazama. Nikamweleza kwamba magari ya kisasa yanapenda hewa.

Kero kubwa ni taa. Ukishaendesha kidogo, inawaka taa nyekundu kwenye dashibodi, ina kichoro cha kipimajoto kinachoelea majini. Inaumiza macho. Tena inaonekana mpaka kiti cha abiria, na Fundi Friji ana macho ya mwewe.

Hapa ndipo ufundi wangu umenifaa. Mteja mwenye ufa ukutani hatumwambii ajenge upya. Tunampimia pazia refu, ufa unakwisha, mteja analala. Nimepima dashibodi na kumpa mshonaji kitambaa cha mahameli, rangi ya damu ya mzee, kilichobaki kwenye kazi ya ukumbi. Nimeagiza marinda mawili na mpira juu. Akauliza nyuma ya pazia kuna nini. Nikasema taa. Akauliza taa ya nini. Nikamkumbusha kwamba yeye anashona, mimi natundika.

Jumatano, 8 Mei

Kipazia kimekaa vizuri mno. Hata dashibodi yenyewe imepata hadhi.

Fundi Friji kaja "kulitazama gari". Nilijua atakuja. Akaketi kiti cha abiria, kiti kikalala chenyewe chali, naye akajikuta anatazama paa. Sikuwa na habari na ugonjwa huo. Nikamwambia papo hapo kwamba nimekirekebisha makusudi, kwa ajili ya mgonjwa. Akaendelea kulala vilevile, mikono kifuani, na kuhoji kutokea huko chini. Nyuma ya kitambaa kuna nini? Vumbi. Gari linakunywa maji? Nikasema hili ni gari, si ng'ombe. Rejeta naitazama? Nikasema kila siku.

Alipotoka nilifungua boneti nikajiuliza ni ipi hasa.

Kabla hajaondoka alisema Ijumaa atakuja nyuma yetu na pikapu, kwa lolote litakalotokea. Nilikataa katakata. Nikamwambia kumfuata mtu barabarani ni kumvunjia heshima mbele ya mkwe wake. Akasema basi, Mama hataiona pikapu. Nikaridhika. Nimemweza.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefanya mazoezi ya njia ya hospitali. Nimefika nusu. Penye kile kilima cha watengeneza matofali nikasikia harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikageuza. Nimeona inatosha, nusu nyingine inafanana na ile ya kwanza.

Nyumbani gari likaanza kudondosha matone. Nikalitandikia zulia kuukuu. Mke wangu akakuta zulia limelowa, akauliza. Nikasema ni maji ya kiyoyozi. Akasema gari hili halina kiyoyozi. Kweli halina.

Kisha akaniambia, bila hasira: baba watoto, kama gari lina shida nieleze leo, bado shemeji anaweza kuja, mama yangu kangoja mwaka mzima. Nilikuwa na neno mdomoni. Nikaona sura ya Fundi Friji akishusha kioo cha pikapu, kioo kinachoshuka na kupanda kama vioo vingine, na neno likarudi lilikotoka. Nikasema gari halina shida.

Ijumaa, 10 Mei

Tulitoka alfajiri. Mimi, Mama Mkwe mbele, mke wangu na mtoto nyuma. Mama alipoegemea tu, kiti kikalala. Akasema aa, kumbe mmenitandikia kabisa, Mungu awabariki. Nikamwitikia.

Nilipowasha, mwanamke wa dashibodi akasalimu, redio ikafuata. Marehemu wa kwanza, marehemu wa pili. Mke wangu akanipiga kidole cha mgongo: zima. Nikampa ishara kwamba haizimiki. Mama Mkwe, anayekwenda kupasuliwa, kalala chali akisikiliza wafu kwa makini, na kila jina anauliza ni wa ukoo gani. Mmoja akadhani alisoma naye. Akasikitika kutoka hapo mpaka kwenye mzunguko.

Kwenye mzunguko nikakata kushoto na kugusa honi. Ikalia ikagoma kunyamaza. Kioo kikadumbukia. Upepo ukachukua kitambaa cha Mama cha kichwani. Akakishika kwa mkono mmoja, akasema tu kwamba siku hizi magari yana mambo mengi.

Tulipoanza kupanda kilima, yule mwanamke akaanza kusema na hakunyamaza. Hakuwa na adabu tena. Mama Mkwe akanusa. Akasema kuna mtu kaunguza chungu. Nikainua kipazia. Taa ilikuwa nyekundu mpaka imepitiliza, na pembeni yake nyingine mbili ambazo sikuwahi kuzijua. Gari likakohoa, likasimama katikati ya matofali ya watu, moshi ukitoka kila upande.

Nikaruka nje. Hapo sikufikiri chochote, nilitaka tu lipoe. Nikafungua boneti, nikaona kifuniko, nikanyoosha mkono kukifungua. Mkono wangu ukadakwa.

Fundi Friji. Pikapu yake ilikuwa chini ya kilima, nyuma ya lori la mchanga. Aliahidi Mama hataiona, na Mama haoni hata meza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ningekifungua hicho, maji yangenichemshia uso. Kisha akaniacha, akaenda kumbeba Mama Mkwe kama mtu anayehamisha kioo, akamweka mbele kwenye pikapu, akamfunga mkanda. Mke wangu akapanda na mtoto bila kunitazama. Hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema.

Wakaondoka. Saa moja ilikuwa imekaribia mno. Nikabaki na gari. Niliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya gari. Nilimwona Mama akirudishwa nyumbani kungoja mwaka mwingine, akimpapasa mtoto uso, na mimi nikila chakula chake kana kwamba sikufanya kitu. Nikakaa juu ya boneti. Nikaungua. Nikashuka.

Hatimaye simu ikalia. Mke wangu alisema jina lilikuwa limeshaitwa, lilikuwa linaitwa tena kwa mara ya mwisho, Fundi Friji akajibu akiwa getini, kwa sauti ambayo hospitali nzima iligeuka. Mama kaingizwa. Kisha akakata. Fundi mmoja wa matofali akaniuliza kama nina msiba. Nikasema hapana. Nikajishangaa nalia.

Jumamosi, 11 Mei

Mama Mkwe kafunguliwa bandeji. Nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango ili iwe rahisi kutoka.

Alitazama dirisha kwanza. Halafu mikono yake mwenyewe, akasema imezeeka bila kumuaga. Halafu wakamletea mtoto. Hakumpapasa. Aliweka mikono mapajani akamtazama tu, kwa muda mrefu, machozi yanatoka kwenye jicho zima na lile bovu. Mtoto akaogopa kutazamwa hivyo, akaangua kilio. Mama akacheka, akasema pua si ya kwao. Ni yangu hiyo. Nilitoka nje.

Fundi Friji alikuwa nje kaegemea pikapu yake. Nilikusudia kumshukuru. Nilikwisha kupanga maneno, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Nilipomfikia nikamwambia tairi lake la nyuma limepungua upepo. Akalitazama, akasema ahsante mwanyumba. Limepungua kweli, nililipima kwa jicho.

Makanika kalivuta gari gereji. Tatizo ni kitu kidogo kabisa, mpira wa rejeta umepasuka. Akauliza kama taa haikuwaka. Nikasema iliwaka tangu Jumanne. Akakiangalia kipazia, akanyanyua rinda moja kwa kidole chenye grisi, akauliza nani kashona. Watu wa kazi hutambua kazi.

Jumapili, 12 Mei

Jicho la pili litapasuliwa mwezi ujao. Wakati wa chakula ukweni nikatangaza kwamba nitampeleka mimi. Gari liko sawa, makanika kabadilisha mpira, nimekuja nalo mpaka hapa. Mke wangu akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia.

Mama Mkwe akasema kwanza angependa kuliona hilo gari, maana hajawahi. Tukatoka wote uani. Akalizunguka polepole, mkono mmoja nyuma, jicho moja wazi. Akasema weupe wa mlango huu si wa ile mingine, huu ni weupe wa maziwa na ule ni weupe wa chaki. Nilikuwa sijaona. Akasema taa ya kulia imetazama barabara na ya kushoto imetazama kanisa. Akasema pale chini pana kutu, pale pana kutu, na pale palipakwa rangi juu ya kutu. Akamaliza mzunguko, akanishika bega.

"Mkwe wangu," akasema, "ahsante kwa moyo wako. Ila siku ile nilipanda kwa sababu nilikuwa sioni."

Walicheka wote. Fundi Friji alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimerudi nyumbani nimeketi kulitafakari jambo hili kwa utulivu, kama mtu mzima. Na nimegundua kitu ambacho wao, kwa kucheka, kimewapita. Mama hakulalamikia injini. Hakulalamikia redio, wala kiti, wala kioo. Alilalamikia rangi. Shida yote, tangu mwanzo, ilikuwa rangi.

Kwa hiyo nimenunua makopo mawili ya rangi nyeupe na brashi pana. Nitapaka mwenyewe, fundi rangi angeharibu. Makanika kanipigia jioni kunikumbusha kwamba breki za nyuma zimeisha na nisisafiri nazo. Nimemwambia zisubiri, mwezi huu nashughulikia yanayoonekana.