Ng'ombe wa Ripoti ya Mwaka

Sebastiani alipoona Landrova ya polisi imezuiwa magurudumu kwa mawe, na kuku wa jirani anatamia kwenye kiti cha abiria, alijua Mungu hamtupi mja wake.

Kituo chenyewe sikitaji. Kipo Hanang, nami nina baiskeli isiyo na taa. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na mwaka ule bajeti ya polisi ilikatwa. Wezi wa mifugo hawakukatwa. Mkuu wa kituo, Afande Nikolausi, alikuwa akimsubiri mgeni kutoka mkoani aje kukagua kazi ya mwaka mzima. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa yule kuku.

Sebastiani naye alikuwa na lake. Alimpenda Konsolata wa kijiji cha Daudi, tena kweli kabisa, mpaka chakula kikawa hakipiti. Lakini baba wa binti, mzee Tluway, alishamsikiliza vya kutosha. "Maneno tunayo, kijana," alimwambia. "Lete ng'ombe."

Basi akaingia kituoni, koti limenyooka.

"Afande, mgeni anataka kuona mifugo iliyoibwa ikapatikana. Nitakuletea ng'ombe wanane. Akiondoka tu, nawarudisha kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Afande, majina ya nini? Wewe andaa saluti."

Nikolausi alimtazama kuku, akakubali.

Kwa mzee Gidahosh, mfugaji wa kule tambarare, alikwenda na wimbo mwingine. Shikamoo yake ilishuka hadi magotini.

"Mzee wangu, serikali inatafuta ng'ombe wazuri wa kuonyesha wageni. Nimepita maboma yote. Nikasema hapana, ni kwako tu."

Ng'ombe wakisifiwa, mwenye nao hulegea. Gidahosh alitoa wanane, mbele yao jike jeusi lenye kengele shingoni.

"Jioni warudi," alisema.

"Jua halitazama, mzee."

Jua lingezama vizuri tu, maana mpango ulikuwa kuwaswaga kutoka kituoni moja kwa moja hadi Daudi, wakawe mahari. Njiani Sebastiani aliivua ile kengele asije akasikika akipita kwenye maboma ya watu. Akaifunga kwa leso na kuitumbukiza mfukoni. Alijiona ana akili sana.

Mgeni wa mkoani alifika, akawazunguka ng'ombe kwa furaha.

"Mmewapataje bila mafuta?"

"Msako wa miguu, afande!" Nikolausi alijibu. "Hadi Masakta!"

"Safi sana. Na mwizi yuko wapi?"

Mwizi hawakumpangia. Nikolausi aligeuka polepole, macho yakatua kwenye koti lililonyooka.

"Huyu hapa, afande."

"Mimi?" Sebastiani aliruka. "Hawa nimeazimwa! Na mwenyewe yule pale!"

Ni kweli. Gidahosh alikuwa amesimama uani, fimbo begani. Mfugaji hamwachii mgeni ng'ombe akalala usingizi. Alikuwa amefuata nyayo tangu asubuhi.

"Shikamoo mzee! Waambie uliniazima!"

"Marahaba. Mimi nilikuazima ng'ombe na kengele yake," Gidahosh alisema. "Kengele iko wapi? Kwetu anayevua kengele ni mwizi tu."

"Labda imeanguka njiani, mzee wangu." Jasho lilimtiririka. Akachomoa leso ajifute.

Mfukoni kengele ikalia. Jike jeusi likainua kichwa na kuitika.

Gidahosh alichukua kengele, akachukua na ng'ombe wake, akaenda zake bila kuaga. Mgeni aliandika kwamba mifugo yote imepatikana na mtuhumiwa amekamatwa, akampa Nikolausi mkono. Akaongeza kwamba kanuni inataka mtuhumiwa apelekwe mahakamani Katesh kwa gari la polisi.

Gari lilikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Nikolausi akashika usukani pembeni ya kuku, na Sebastiani, pingu mikononi, akasukuma.

Ilikuwa siku ya mnada. Katesh nzima ilisimama kuangalia, na mbele kabisa alikuwa mzee Tluway, aliyeshuka kutoka Daudi kununua mbuzi. Alitembea kando ya Landrova kidogo, bila haraka.

"Shikamoo baba," Sebastiani alihema.

"Marahaba, kijana. Nimesikia umepata ng'ombe."

Sebastiani akainamisha kichwa, akaendelea kusukuma.