Dobi na Dakika Tatu

Sogeeni, enyi mlioketi mbali, wekeni vikombe chini, niwasimulie vita vya Dobi wa hospitali, simba wa mashuka, mkamuaji asiyechoka, aliyepambana na dakika tatu akazishinda.

Bomba la kutolea maji lilikuwa limeziba katika chumba cha kufulia, naye akawa anasimama kutwa katika maji yaliyopita shingo za buti zake, nyayo zikimkunjamana kama shuka lisilopigwa pasi. Kila mwaka, kwenye mkutano wa wafanyakazi, alipewa dakika tatu aeleze shida yake. Na kila mwaka aliinuka na karatasi zake nne, akamsalimu mkurugenzi, na naibu wake, na matroni, na wakuu wa idara mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na kabla hajamfikia mkuu wa maabara, kengele ikalia. Miaka mitatu shujaa alianguka pale pale, karibu na maabara, na bomba halijatajwa.

Ndipo akamwendea shemeji yake, mchekeshaji wa jukwaani, mtu aliyewahi kuzomewa na ukumbi mzima na kesho yake akarudi. Shemeji akazisoma zile karatasi, akazikunja, akazitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Shemeji, mimi nikisalimia watu dakika tatu, narushiwa chupa," akanena. "Anza na maji. Wakicheka, nyamaza wamalize. Ukishasema unachotaka, kaa."

"Na wakubwa je?"

"Wanajijua."

Siku ikawadia. Dobi akaja moja kwa moja kutoka kazini, akainuka bila karatasi, bila ngao, akavua buti la kulia na kuliinamisha. Maji yakamwagika sakafuni polepole, hata tone la mwisho. Matroni akainua miguu.

"Hili ndilo buti langu la kazini," akasema. "Samaki ndio bado, ila pa kuwafugia ninapo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Akangoja. Hakuna mlinzi wa ngome aliyepata kungoja vile, maana salamu za miaka mitatu zilimjaa kooni zikigombea kutoka, Mheshimiwa Mkurugenzi akiwa mstari wa mbele. Akazimeza zote.

"Naomba bomba lizibuliwe."

Akaketi. Mkuu wa maabara akamnong'oneza jirani yake kwamba hata mwaka huu hakusalimiwa. Mkurugenzi, akifuta machozi, akaagiza fundi.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu: Jumanne, saa nne asubuhi, sakafu ikakauka, na Dobi, mshindi wa dakika tatu, akavaa soksi kazini.