Betri Mwenye Uzoefu Atapewa Kipaumbele

Mamlaka ya Kuku na Mazao Yenye Manyoya, Kanda Ndogo ya Kati, ina furaha kuutangazia umma kwamba zoezi la kumwajiri betri limekamilika kwa mafanikio makubwa. Mafanikio hayo hayakutokea kama tulivyopanga, lakini mafanikio ni mafanikio, na mimi, Chediel, Afisa Utumishi, ndiye niliyeona nina wajibu wa kuyaeleza. Najua huko Mkiwa kwenye vibanda vya mahindi ya kuchoma watu wanasema mengi. Waache waseme. Ukweli ni huu.

Ofisi yetu iko nje kidogo ya Mkiwa, mahali penye upepo mwingi na nguzo chache. Tuna chumba cha mikutano, chumba cha kusubiria mikutano, na chumba kidogo cha nyuma chenye mashine ya kutotoleshea vifaranga. Hiyo mashine ndiyo sababu ya ofisi kuwepo, ingawa kwa wingi wa majukumu huwa tunasahau. Inataka joto usiku na mchana. Umeme ukikatika, mayai yanapoa, na yai likishapoa halina pa kukata rufaa. Makao makuu wakatuagiza tutafute sola na betri ya akiba, haraka.

Neno "haraka" tulilipokea kwa uzito unaostahili. Tuliunda kamati.

Kabla kamati haijakaa, akaja Mama Severina kutoka Mungaa, amekumbatia ndoo iliyojaa pumba, na ndani ya pumba mayai. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwa Meneja wetu, Mzee Antipasi, mtu mwenye tumbo la heshima na kalamu tatu mfukoni.

"Mkuu, kideri kimepita Mungaa," alisema. "Kimefagia banda kwa banda. Jogoo wangu amekufa amesimama. Haya mayai ndiyo mbegu iliyobaki kijiji kizima. Yakiharibika haya, wajukuu zangu kuku watamwona kwenye kalenda."

"Pole sana, mama. Yaweke kwenye mashine. Serikali ipo."

"Na umeme ukikatika?"

"Kamati ipo."

Mama Severina alisema jambo kwa Kinyaturu ambalo sikuliandika kwenye kumbukumbu, kwa kuwa lugha ya kumbukumbu ni Kiswahili. Kisha akaeleza kwamba pale Mkiwa kuna muuza soda mwenye boksi moja dogo, lina mshikio kama wa begi. Paneli ya sola iko juu ya bati. Unachomeka waya wa paneli huku, unachomeka friji huku, imekwisha. Hata fundi haitwi. Umeme wa nguzo ukiondoka, soda inabaki baridi vilevile.

Meneja alimsikiliza kwa makini. "Nani aliidhinisha?"

"Muuza soda."

"Na kamati yake ilikuwa na wajumbe wangapi?"

Mama Severina alifikiri. "Labda mke wake."

Tukasikitika sote kuona jinsi nishati inavyochezewa mitaani.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha hoja nzito. Meneja alisimama akauliza: "Kitu kitakachokaa ofisini, kifanye kazi, kichoke, kisha kipate nguvu upya mchana watu wakiwa kwenye chai, hicho ni kitu gani?"

"Mtumishi," tukajibu kwa pamoja, kwa sababu tulijitambua.

"Basi mtumishi hanunuliwi. Anaajiriwa."

Kwa hiyo suala zima likahamia mezani kwangu. Meneja mwenyewe alinisomea maneno ya tangazo, mkono mmoja tumboni. Mwombaji awe betri mwenye nidhamu. Aweze kufanya kazi chini ya shinikizo. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitano, na mwenye uzoefu zaidi atapewa kipaumbele. Atakayeajiriwa atakaimu ofisi nzima pindi umeme utakapokatika, mpaka kamati itakapopokea taarifa rasmi kwamba umeme umerudi.

"Hapo kwenye kukaimu, Mkuu, si kukubwa mno kwa betri?" nilithubutu kuuliza.

"Chediel, cheo kikiwa kidogo tutapata betri za ovyo."

Nilikuja kufahamu baadaye kwa nini alitaka cheo kiwe kikubwa. Wasailiwa walikuwa wawili tu, na mmoja alitoka kwenye lori la Meneja mwenyewe.

Huyo wa lori aliletwa kwa toroli. Alikuwa mkubwa, mweusi, ana kutu kwenye vichwa vyake na majimaji yakimtoka pembeni. Tulimweka kwenye kiti cha mbele, na mlinzi wetu, kijana aliyelelewa vizuri, alipopita akamwamkia shikamoo. Meneja, ili asionekane ana upendeleo, alitoka nje wakati wa kumsaili. Alifika mpaka mlangoni, akasailia kutokea hapo.

"Ana uzoefu gani?"

Dereva aliyemsindikiza akajibu: "Huyu kapiga njia ya Itigi miaka kumi na moja, Mkuu. Matope, jua, vyote anavijua."

"Utendaji wake?"

"Anawaka vizuri akisukumwa."

Minong'ono ikaanza. Meneja akaituliza kwa kiganja. "Nani kati yetu hapa anayefanya kazi bila kusukumwa?" Kamati ikakubali kwa kauli moja. Yale majimaji yaliyokuwa yakitoboa kitambaa cha kiti tuliyaandika kama jasho la kazi.

Wa pili aliletwa na Leah, binti mwenye duka la vifaa vya sola pale njia panda. Aliingia akatuamkia wote mmoja mmoja, akaweka boksi mezani, jeupe, safi, bado lina nailoni. Paneli aliifunga juu ya bati kabla hatujamaliza kusomeana ajenda. Jambo hilo halikutufurahisha.

"Uzoefu?" Meneja akauliza.

"Ni mpya, Mkuu. Imetoka kiwandani juzi."

"Kwa hiyo hana."

"Ni mpya," Leah alirudia, akidhani hatukusikia. "Ya kuchomeka tu. Paneli huku, mashine huku. Hata mtoto anaweza."

Hapo chumba kilipoa. Mjumbe mmoja alivua miwani. Ilikuwa wazi kwamba wote tunawaza jambo moja, na Meneja ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kulisema.

"Binti, kama ni ya kuchomeka tu, sisi hapa kazi yetu nini?"

Leah akatazama chini, maskini, kama aliyeulizwa habari za msiba. Tukasonga mbele.

"Udhaifu wa msailiwa?"

"Vumbi, Mkuu. Paneli ikishika vumbi, hii taa ya kijani inageuka njano. Inabidi mtu apande bati aipanguse kila asubuhi, maana kwa upepo wa hapa kwetu halikosi."

Meneja aliandika huku akitamka: "Anataka kuhudumiwa na wakubwa. Ana kiburi."

Matokeo yalipotangazwa, betri wa lori alipata alama nyingi kuliko msailiwa yeyote katika historia ya Mamlaka, wakiwemo binadamu. Boksi la Leah liliamriwa kubaki ofisini kusubiri barua ya kukataliwa, kwa kuwa msailiwa haruhusiwi kuondoka bila barua. Stoo ilikuwa imejaa viti vya mikutano, basi likawekwa chumba cha nyuma, pembeni ya mashine, paneli yake ikabaki juu ya bati.

Jioni ile Mama Severina alinivizia mlangoni. Alikuwa amefikia kwa ndugu yake pale Mkiwa, na kila siku alikuja kukaa na mayai yake.

"Mwanangu, lile betri la lori limekufa."

"Hajafa, mama. Ana uzoefu tu."

"Mayai yamebakiza siku chache. Nimeyaweka sikioni. Kuna mengine yanagonga kwa ndani." Alinishika mkono. "Sina mengine, Chediel. Ukienda Mungaa leo asubuhi, hakuna kinachowika."

Nilimwahidi kwamba hoja yake itaingizwa kwenye ajenda. Alinitazama muda mrefu, na kusema kweli sikupenda nilivyojisikia.

Siku ya kumkabidhi betri barua yake ya ajira ilifika. Tulimfunga utepe, tukamweka meza kuu. Makao makuu walimtuma mkaguzi, Bi Asnath, mama mwembamba asiyecheka wala kununa, ambaye siku nzima hukuweza kujua kama amefurahi au amekasirika. Meneja alishika kipaza sauti.

"Leo," alisema, "giza limepata mwajiri wake."

Sote tulipiga makofi bila kuelewa. Upepo ulikuwa mkali. Kwa mbali tukasikia kishindo, nguzo imelala, na kipaza sauti kikakata katikati ya neno "uwajibikaji".

Kwa upande wa ratiba ilikuwa bahati nzuri sana. "Mtumishi aanze kazi!" Meneja aliamuru kwa sauti yake ya kawaida, ambayo haikufika viti vya nyuma. Fundi akaunga nyaya. Balbu ikawaka rangi ya chai ya rangi, ikapepesa mara mbili kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ikazima. Betri akatoa moshi kidogo. Kisha ikaja harufu ya yai viza, ikajaa ukumbi wote.

Niliyakumbuka yale mayai yanayogonga kwa ndani. Nikamtafuta Mama Severina kwa macho, kiti chake kilikuwa kitupu.

"Msukumeni!" Meneja alikuwa akipiga kelele. Wajumbe wawili walikuwa tayari wamekunja mikono ya mashati, wakisukuma meza.

Bi Asnath aliinua kidole, tukanyamaza, na katika ukimya ule tukasikia mvumo mdogo kutoka nyuma. Alifuata sauti, nasi tukamfuata.

Mashine ilikuwa inafanya kazi. Pembeni yake boksi la Leah lilikuwa linawaka taa ya kijani. Mama Severina ameketi sakafuni, kiganja chake kwenye kioo.

"Mama, nani amewasha?" Bi Asnath akauliza.

"Mimi, mwanangu. Nimechomeka."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha mayai."

Meneja alijipenyeza mbele, jasho linamtoka. "Haikubaliki! Huyu msailiwa alishindwa! Hana uzoefu wowote!"

Bi Asnath akatazama saa yake. "Sasa anao wa dakika kumi. Wa kwako ana wa dakika ngapi?"

Bi Asnath akanigeukia. "Afisa Utumishi, tangazo lenu la ajira linasemaje kuhusu mamlaka ya ofisi umeme unapokatika?"

Wako watu ambao wangesahau tangazo lile kwa kumstahi bosi wao. Mimi ni mtu wa taratibu. Nilisimama wima nikalitamka lote kwa kichwa, mpaka pale pa kukaimu.

"Kwa hiyo sasa hivi mkuu wa ofisi hii ni nani?"

Nilimtazama Meneja. Nikalitazama boksi. "Ni huyu mwenye taa ya kijani, mheshimiwa."

"Ndugu Antipasi," Bi Asnath alisema, sura ileile, "katika usaili, Kaimu Meneja alionekana na udhaifu gani?"

"Vumbi," Meneja alinong'ona.

"Basi una kazi. Inataka mtu mwenye uzoefu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mayai yalianguliwa yakiwa na Kaimu Meneja mpya. La kwanza lilipopasuka, Mama Severina alicheka, akalia, akapiga kigelegele, vyote kwa pamoja, na mimi nilitoka nje nikajifanya nina mafua. Vifaranga wanakulia kwenye chumba cha mikutano, ambacho hakijawahi kutumika vizuri hivi. Watu wa Mungaa na vijiji vya jirani wameanza kuleta mayai mengine. Tangu Kaimu Meneja aingie hajaitisha kikao hata kimoja, na kazi zinakwenda. Betri wa lori yuko likizo ya ugonjwa.

Kila asubuhi Mzee Antipasi hupanda ngazi na kitambaa. Kabla ya kupanda hujipa moyo: "Umeme ukirudi tu, mtanitambua." Na ili umeme ukirudi usije ukaunguza vifaa, yeye mwenyewe, wakati wa kukabidhi ofisi, aliagiza swichi zote za ofisi zibandikwe karatasi: USIGUSE MPAKA TAARIFA RASMI. Hakuna aliyegusa. Sisi ni watiifu.

Jumamosi iliyopita, wakati hakuna mtu, mafundi walikuja wakasimamisha nguzo wakaondoka. Mimi niligundua Jumatatu, kwa sababu kuna soketi moja nyuma ya kabati langu ambayo karatasi haikufika. Nilichomeka simu, ikaanza kuchaji.

Mama Severina alikuwa kwenye chumba cha mikutano akiwamwagia vifaranga chenga za mahindi. Aliona ninavyoitazama simu.

"Mwanangu, umeme si umerudi?"

"Mama, taarifa rasmi bado haijapokelewa."

"Anayeipokea nani?"

"Kamati."

"Na kamati anaiita nani?"

"Kaimu Meneja."

Tukaligeukia boksi. Halikuonyesha dalili yoyote ya kuitisha kikao. Juu ya bati kitambaa kilikuwa kinakwenda na kurudi, kwa pumzi za mtu mzima asiyezoea ngazi.

"Chediel!" sauti ya Mzee Antipasi ilishuka. "Hebu angalia hapo! Imekuwa kijani?"

Nikaiangalia taa. Ilikuwa kijani kama jani la mtama baada ya mvua. Mama Severina alijifunika mdomo kwa khanga.

"Bado kidogo, Mkuu," nikamjibu. "Ongeza upande wa kulia."