Daraja la Kwanza, Mke na Mume

Sabiti hakuja Mbuba kutapeli mtu. Alikuja kuuza sindano na uzi, na kama Desderius angefunga mdomo wake mchana ule, kila mtu angebaki na mifugo yake.

Desderius alikuwa kibarua wa barabara. Alikuwa amekaa juu ya toroli lake, analalamika peke yake kama redio iliyosahauliwa.

"Mwakani wananistaafisha," alisema. "Serikali inasema nitakuwa nimefikisha miaka hamsini na tano. Sijui ilikuwa imesimama wapi nikizaliwa. Sasa magoti haya nani atayatibu?"

Wapo watu wakisikia mwenzao analia huona huruma. Sabiti aliona mbuzi. Alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia.

"Ina maana hujachagua daraja, mzee wangu?"

"Daraja gani?"

"Maskini! Hawajakuambia."

Ulikuwa mwaka wa vita. Malori ya askari yalikuwa yakipita kwenda kaskazini, na kijiji kizima cha ujamaa kilikuwa kimezoea kwamba mtu mwenye daftari ndiye serikali. Sabiti alipata daftari. Meza aliazima kwenye duka la kijiji, muhuri akauchonga kwenye kisigino cha ndala. Kufika saa tisa wazee walikuwa wamepanga foleni.

"Daraja la Tatu, kuku mmoja," alitangaza. "Unatibiwa kuanzia kichwa hadi kitovu. Daraja la Pili, kuku wawili, kitovu hadi nyayo. Daraja la Kwanza, mbuzi. Mwili mzima, mke na mume. Na dhamana ni ya serikali."

"Lakini zahanati ni bure," alisema Secilia, mke wa Desderius.

"Bure ni ya sasa, mama. Mtu akifika hamsini na tano, na bure yake inastaafu."

Foleni ikaguna. Hilo lilisikika kiserikali kabisa.

Desderius alitaka Daraja la Pili. "Kichwa sikitumii sana," alieleza. Secilia akamwambia hilo halihitaji ushahidi, akaenda kufungua mbuzi.

Kazi ngumu ilikuwa umri, maana ilibidi mtu ajiandikishe kabla ya hamsini na tano. Mzee mmoja alisema alizaliwa Wajerumani wakikimbia.

"Umeshapita, babu," alisema Sabiti. "Una sitini na mbili. Lakini kwa kuwa ni wewe, nakurudisha nyuma miaka minane."

"Ubarikiwe, mwanangu. Hata mgongo naona umelegea."

Jua likielekea kuzama, Sabiti alikuwa na mbuzi kumi na mmoja na tenga la kuku. Alfajiri angewaswaga hadi Biharamulo, kwa mjomba wake Makame mwenye bucha, na kwa mara ya kwanza maishani angekuwa mtu mwenye mtaji. Angeondoka hapo hapo, mambo yangeisha. Lakini akaja Limi.

Limi alikuwa mjane wa Kisukuma aliyehamia na ndugu zake kutoka Shinyanga. Alikuja akivuta mtamba wa ng'ombe, mweusi, mnene, anayeng'aa. Mate yalimjaa Sabiti mdomoni.

"Nataka la Kwanza," alisema Limi.

"Umechagua vizuri, mama. Naandika miaka hamsini na nne."

"Andika unavyoona. Ila hapa kwenye karatasi pameandikwa mke na mume. Mume wangu alifariki. Natoa mtamba mzima halafu karatasi ina shimo? Mimi siyo mjinga, baba. Jaza."

"Nijaze nani?"

"Yeyote. Hata wewe. Unaogopa nini, si karatasi tu?"

Sabiti alimtazama mtamba. Mtamba alimtazama Sabiti. Akaandika: Mke, Limi. Mume, Sabiti. Limi akamwita balozi wa nyumba kumi, Gaspari, aweke sahihi ya shahidi. Muhuri wa ndala ukagongwa kwa kishindo.

"Mtamba alale kwangu, njia ina fisi," alisema Limi. "Utamchukua asubuhi."

Asubuhi, kwa Limi, Sabiti alimkuta kaka mkubwa wa Limi, Nyanda, amevaa nguo za mgambo, bunduki begani, na wadogo zake watatu nyuma. Balozi Gaspari alikuwepo. Wenye mbuzi kumi na mmoja nao walikuwepo, wamekuja kumuaga ofisa wao.

"Shemeji!" Nyanda alimkumbatia. "Leo tunapanda lori la vita, na dada tumeshapata wa kumwachia. Sasa mahari. Kwetu ni ng'ombe kumi na watano. Tumepunguza, maana bibi harusi ana umri."

"Umri upi?" Limi alifoka kutoka jikoni. "Hiyo hamsini na nne kaandika yeye!"

"Ndugu zangu, hii ni karatasi ya matibabu!"

Gaspari aliinyoosha karatasi mbele ya macho, akasoma taratibu. "Mke, Limi. Mume, Sabiti. Shahidi, mimi mwenyewe. Muhuri upo."

"Lakini jamani, karatasi yenyewe..." Sabiti alijikatiza ghafla.

"Karatasi yenyewe ina nini, shemeji?" Nyanda aliuliza kwa upole. "Ni ya uongo?"

Wazee wote wakasogea hatua moja. Secilia alikuwa na jembe mkononi. Sabiti aliwatazama wazee, akatazama bunduki, akameza mate yaleyale ya jana.

"Ni ya kweli," alisema. "Kweli tupu."

Vigelegele vikapaa. Mbuzi, tenga la kuku na baiskeli vilihesabiwa kuwa kianzio cha mahari. Mbuzi watano wakachinjwa palepale. Wazee walikula mbuzi wao wenyewe, wakampongeza bwana harusi kwa ukarimu wake. Yule wa Wajerumani alicheza ngoma mpaka ndugu wakamshika asianguke.

Mtamba alibaki kwa Limi, mahali alipokuwa tangu mwanzo.

Sabiti alijaribu kutoroka mara mbili. Mara ya kwanza mgambo walimkamata kwenye kizuizi cha barabarani, wakamrudisha kwa mkewe kwa heshima zote. Mara ya pili alifika hadi Biharamulo, akalala kwa mjomba Makame siku mbili, halafu akarudi mwenyewe kwa miguu. Mvua zilikuwa zimechanganya, na mahindi yake aliyopanda shambani kwa Limi yalikuwa yanasongwa na magugu.