Chumba cha Mfano cha Injinia Masele

Masele hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Lakini asubuhi aliyosikia kwamba Apolonia, mjane mwenye pamba na ng'ombe kule Lalago, anatafuta fundi wa kumjengea nyumba isiyokula umeme hapa Bariadi, aliamka injinia. Alivaa kofia ngumu ya njano, akachomeka kalamu sikioni, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki yake. Nusura ajipe kazi mwenyewe.

"Mwangaluka, mayu!" alimsalimu mjane kwa Kisukuma, kiwanjani kwake. "Nyumba yangu haijui feni. Ukuta mnene, dari nzito, upepo upite kati. Jua liwake litakavyo, libaki juu ya bati!"

"Eh! Na malipo ya kuanzia?"

"Ng'ombe kumi tu."

Moyoni alishawapakia kwenye lori. Kesho yake Mwanza, simu imezimwa.

"Una maneno matamu, baba," alisema Apolonia. "Ila Mboje na Mahona nao wamekuja na kofia kama hiyo. Nitawashindanisha kama tunavyoshindanisha ngoma: uwanja mmoja, watu wakimbilie wanakopendezwa. Kila mmoja ajenge chumba cha mfano kwa gharama yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana, majirani wataingia. Watakakojazana, huyo ndiye fundi wangu."

Vigingi Apolonia alishapiga mwenyewe. Vyumba vitatu, vimegusana. "Majirani wasitembee sana juani," alieleza.

Masele, mtu mwenye akili kuliko wilaya nzima kwa hesabu yake mwenyewe, hakuona kitu. Aliuza pikipiki, akaajiri fundi wa kweli, akanunua saruji, mbao na bati jeupe. Alipomwona Mahona akipandisha ukuta, wivu ukampanda, akaongeza dari maradufu. Tapeli gani hutapeli kwa ubora namna hii? Alijiuliza, akajijibu: tapeli wa kimataifa.

Jumamosi ikafika, jua likichoma visogo. Majirani waliingia kwa Mboje, wakatoka wakijipepea. Wakaingia kwa Mahona, wakakohoa vumbi. Wakaingia kwa Masele, hawakutoka tena. Mzee Mayige alilala sakafuni, akakoroma.

"Umeshinda, injinia!" Apolonia alipiga vigelegele.

"Ng'ombe wangu kumi, mayu, nianze kazi."

"Kazi ipi tena? Mimi na binti yangu, vyumba hivi vitatu vinatutosha."

"Ulisema mshindi ndiye fundi wako!"

"Ndiye. Kimebaki choo. Malipo mbuzi mmoja, ukimaliza."

Mboje na Mahona, waliokuwa wamenuna ukutani, waliangua kicheko mpaka kofia zikawadondoka. Masele alitazama barabara ya Mwanza. Ilikuwa ndefu mno kwa mtu asiye na pikipiki. Akavua kofia, akachukua jembe.

"Na hicho choo, mayu," aliuliza kwa sauti ndogo, "nacho kiwe baridi?"