Mganga Aliyekula Nyama ya Mgonjwa

Marcelino aliiona baiskeli kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa bucha pale Njombe, nyeusi, ina kengele na taa. Mwenyewe alikuwa ndani, amejishika tumbo kwa mikono miwili.

Tangu vita viishe, miaka miwili sasa, Marcelino alikuwa anatembea tu. Alitembea kutoka kwao upande wa Lugarawa mpaka Makambako, kutoka Makambako mpaka Njombe, na viatu vyake vya jeshi vilikuwa vimebaki ngozi ya juu. Huko vitani, Burma, alikuwa mwosha sufuria. Lakini koti la jeshi halisemi mwenye koti alifanya kazi gani, naye hakuona sababu ya kulisaidia kusema.

"Kamwene, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Leo siku ya ngapi hujapata choo?"

Bwana Anania alishtuka. Alikuwa mwenye bucha na mzee wa kanisa, mtu wa kula nyama asubuhi na jioni, na mboga za majani aliziita chakula cha mbuzi.

"Nani amekuambia?"

"Tumbo lako. Mimi nilikuwa dresa jeshini, msaidizi wa daktari. Majenerali wawili niliwachua matumbo kwa mikono hii."

"Siku ya sita," Anania alikiri. "Jumapili nilisikiliza mahubiri nimesimama."

"Tumbo la namna hiyo huchuliwa siku saba. Bei yake ni moja, siipunguzi hata kwa ndugu. Baiskeli."

"Baiskeli nzima kwa kusuguliwa tumbo?"

"Basi ingoje hiyo siku ya saba." Marcelino akaanza kufunga vifungo vya koti.

Hakufika kifungo cha pili.

Jioni Anania alilala chali mkekani, magoti ameyakunja. Marcelino alimmiminia mafuta ya nyonyo, akafumba macho, akasugua juu na chini huku akinong'ona majina ya stesheni za Burma, yote aliyoyakumbuka. Mke wa Anania, Mama Yunisi, alikuwa amesimama mlangoni na chungu cha maharage.

"Mganga," alisema, "hapa mama mkwe wangu huwachua wajukuu kwa kuzunguka. Anaanzia chini kulia, anapanda mpaka mbavuni, anavuka, anashukia kushoto. Wewe unakirudisha kilikotoka."

"Nilikuwa napima, mama. Sasa ndiyo naanza."

"Kama mnajua, mbona hamkunichua?" Anania aliguna kutoka chini.

"Mama yako alitaka. Ulisema wewe si mtoto."

Marcelino akazungusha mkono kama alivyoelekezwa, polepole, kwa uso wa mtu aliyeigundua njia hiyo yeye mwenyewe. Ndipo harufu ya maini ilipomfikia kutoka jikoni, na akili yake, ambayo haikuwahi kulala njaa hata pale tumbo lake lilipolala njaa, ikafanya kazi.

"Siku zote saba mgonjwa asiguse nyama. Ale majani ya maboga, maharage, mapichi, na anywe maji vikombe vinane."

"Na nyama iliyopo?" aliuliza Anania kwa huzuni.

"Itabidi niile mimi. Mikono inayochua inataka nguvu."

Mama Yunisi alimtazama mganga kuanzia kwenye viatu mpaka kichwani, kisha akatabasamu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amempelekea mumewe mboga na kuliondoa bakuli vile vile alivyoliweka.

"Mganga amesema," alimwambia mumewe. "Nani atabishana na mtu wa majenerali?"

Tangu siku hiyo sahani ya mganga haikuona jani. Ilikuja na maini, ikaja na mbavu, ikaja na ulimi. "Ongeza, mganga," Mama Yunisi alisema kila mara, "mikono isije ikalegea."

Siku ya tatu, alfajiri, Anania alikimbilia nyuma ya nyumba, akarudi anaimba wimbo wa kanisani. Siku ya saba alikaa kwenye benchi mahubiri yote, tena akasinzia. Alipotoka alimkabidhi Marcelino baiskeli, akaenda zake buchani, mwepesi.

Marcelino akapandisha mguu. Akaushusha. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma iliyowambwa jana, na hakuweza kuinama. Alijaribu kujichua mwenyewe nyuma ya miti ya miwati, lakini kila alipojigusa aliruka.

"Leo siku ya ngapi, mganga?" Mama Yunisi alikuwa nyuma yake.

"Ya saba."

"Pole. Mama mkwe yuko jikoni, anapasha mafuta moto."

"Bei gani?"

"Uliitaja mwenyewe. Hata ndugu hapunguziwi."

"Mama Yunisi, nimefanya kazi siku saba."

"Umekula nusu ng'ombe na umelala ndani. Lala chali, ukunje magoti."

Marcelino aliitazama baiskeli, akatazama barabara ya Makambako. Akalala.

Bibi alikuwa na mikono ya mfinyanzi, na hakunong'ona jina la mji wowote. Baada ya siku mbili za majani ya maboga, kimya kimya jikoni Anania asijue, mganga alikuwa mzima, akaondoka kwa miguu.

Alikuwa amefika Lyamkena, karibu na Makambako, siku ya pili ya safari, aliposikia kengele. Anania alikuwa anakanyaga pedali, matenga mawili ya mboga nyuma, anawapelekea watu wa Makambako wanaosubiri malori ya kwenda kwenye mashamba ya mkonge.

"Mganga! Mke wangu ameniambia umeturudishia baiskeli kwa wema wako. Watu kama wewe wamebaki wachache."

Marcelino alikohoa. "Wachache sana."

"Nikajua nitakukuta njiani." Anania akatoa kifurushi kilicholowa mafuta. "Mbavu za kuchoma. Mikono isilegee."

Marcelino hakuwa amekula tangu jana. Alikitazama kifurushi, akarudi nyuma hatua moja, akayatazama matenga.

"Baba Yunisi, nipe fungu moja la mboga."

"Hizo nauza, mganga."

Na Marcelino, kwa mara ya kwanza tangu vita viishe, akaingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe.