Jino Linaloliwa kwa Ndani

Jumatatu, 3 Juni
Jino la mbele linacheza. Ni lile nililoligongesha mwaka jana kwenye mlingoti wa goli, uwanjani Nyakato, nikimzuia jirani yangu Machibya asifunge. (Alifunga.) Na Jumamosi naenda Kisesa kujitambulisha kwa kina Justa, mchumba wangu. Justa kanilazimisha hospitali.

Daktari Nusrat kapiga picha. Mzizi unaliwa. Nikauliza unaliwa na mdudu gani.

"Hakuna mdudu, kaka. Ni mwili wako wenyewe unaula, tangu ulipoumia."

Tena kimyakimya, bila maumivu! Atasafisha ndani ya mzizi, aweke dawa, nirudi mara kadhaa, mwisho azibe. Tukichelewa, jino litang'oka. Nikasema nitafikiria. Nina mpango.

Jumatano, 5 Juni
Gundi ya viatu. Mimi ni fundi viatu. Mtaa mzima wa Mabatini unajua soli zangu hazibanduki. Nimepaka kidogo, nikafunga mdomo ikauke. Kosa! Mdomo wa juu umegandia kwenye jino. Machibya, anayeuza ndizi mkabala na kibanda changu, anawaambia wateja nimekula kiapo cha kutosema.

Alhamisi, 6 Juni
Daktari Nusrat kanibandua, na ngozi kidogo. Hakucheka. Muuguzi ndiye aliyecheka. Tiba imeanza hapo hapo: ganzi, visindano vya kukwangulia ndani, dawa, kiraka cha muda. Marufuku kung'atia jino hilo. Nilimshika Justa mkono muda wote. Niliogopa. Nakiri hapa tu.

Jumamosi, 8 Juni
Kisesa. Mshenga kaugua, kaja Machibya badala yake. Mpango: nisifungue mdomo, wakwe wasione jino linavyocheza. Shikamoo yangu ikatoka "mmm". Mzee Kashindye, baba yake Justa, kaleta matobolwa, vile viazi vikavu. Nikamumunya kimoja mpaka adhuhuri. Mzee akamwuliza Justa, mbele yangu, kama huyu kijana ni bubu. Machibya katafuna kwa niaba yangu, kaongea kwa niaba yangu, kapewa jogoo. Kaitwa mwanangu!

Justa kasimama, kaeleza yote, hadi gundi. Mzee kacheka mpaka machozi. Nimekubaliwa. Jogoo kaondoka na Machibya.

Jumapili, 14 Julai
Picha mpya inaonyesha mzizi umeacha kuliwa. Daktari kasema kesho ndiyo kuziba kabisa, nisikose, maana ugonjwa huu hurudi bila kubisha hodi. Lakini haliumi! Halichezi! Kesho siendi. Machibya kadai Mabatini hakuna mwenye meno ya kuvuta mkokoteni kwa kamba. Nimemwambia alete mkokoteni saa mbili asubuhi. Na aupakie ndizi ujae.